Meza ya Akina Okoth

Habari ya kifo cha Okoth niliipata sokoni Busia, nikiwa nimeinama juu ya fungu la nyanya, na swali langu la kwanza lilikuwa lile ambalo mtu yeyote wa mpaka huu angeuliza. Okoth yupi? Mwenye nyanya, mama mmoja anayevuka kila asubuhi kutoka upande wa Uganda, akaniambia ni yule wa Nagongera, mzee wa kwaya. Nikamlipa, nikaondoka, nikaziacha nyanya palepale. Ilibidi anikimbize nazo hadi kwenye stendi ya boda boda. Wanangu wakisoma haya watasema mama yao ametia chumvi, lakini mama huyo yupo, wamwulize.

Kwa asiyetujua, Okoth ni jina lililoenea pande zote mbili za mpaka, kuanzia Tororo hadi kule ziwani. Ukisimama pale geti ukaita Okoth, watageuka madereva, makuli, na pengine askari mmoja. Mwenzake wa kike ni Akoth, na Akoth ni mimi. Lakini katika mwaka ninaotaka kuusimulia, ule niliotimiza miaka ishirini, walikuwapo akina Okoth watatu ambao mji mzima uliwajua, na hao ukiwataja ilibidi uongeze neno la pili ili watu wakuelewe. Alikuwapo Okoth Refa, aliyejipatia sifa kwa kumpa kadi nyekundu ndugu yake wa tumbo moja huku mama yao akiwa ameketi pembeni mwa uwanja. Alikuwapo Okoth Forodha wa Malaba, wakala wa kupitisha mizigo, mtu mnene mwenye sauti ya kuamsha mji. Lori likikwama, madereva hawakuuliza ofisi iko wapi, waliuliza Okoth yuko wapi. Na alikuwapo Okoth Kwaya, mwembamba, mpole, aliyetoka Nagongera, upande wa Uganda, akapanga chumba Busia ili afundishe kwaya ya kanisa letu, na kabla mwaka haujafika nusu watu wa makanisa mengine walikuwa wanahamia kwetu kwa ajili ya nyimbo tu. Mchungaji wao mmoja alikuja kulalamika. Tulimpa chai, tukamwimbia, akarudi kwake.

Nilikuwa nikiishi kwa shangazi yangu, aliyekuwa na hoteli karibu na mpaka. Hoteli ni neno kubwa. Ilikuwa chumba kimoja chenye meza nne, kuta zilizopakwa rangi ya kijani hadi kiunoni na nyeupe hapo juu, na nyuma yake jiko lililotengwa kwa mbao zilizoachana kidogo, hivyo mpishi aliwasikia wageni na wageni walimsikia mpishi. Nililala katika kichumba nyuma ya jiko, pamoja na magunia ya unga na harufu yake, na hadi leo nikipita mbele ya posho mili, kinu cha kusaga unga, usingizi hunijia. Shangazi alipika ugali wa muhogo na mtama, ule mweusi unaovutika, na samaki mbuta wa kukaanga, na kunde zilizotiwa simsim, yaani ufuta. Kunde zake ziliwafanya watu waache wake zao nyumbani na sufuria zao. Alijua hivyo, na alitembea kama mtu anayejua hivyo.

Meza ya pembeni, iliyokuwa chini ya dirisha, iliitwa meza ya akina Okoth. Mtu mwingine akikaa hapo jioni, Shangazi alimwondoa kwa upole, na kama hakuondoka kwa upole aliondoka vinginevyo. Wao hawakuitana kwa majina. Waliitana wajina. "Wajina, pitisha chumvi." "Wajina, mke wako hajambo?" Walikula ugali mmoja katika sinia moja, na msafiri yeyote aliyeitwa Okoth, hata kama ni tanboi, msaidizi wa dereva wa lori, kutoka mbali, alikaribishwa kunawa mikono na kula nao. Watu walikuja kuwatazama tu. Nilikuwa nikiwahudumia, na nikiri kwamba nilijisikia fahari, kwa sababu mara kwa mara Refa aliniambia, "Akoth, wewe ni wetu pia, ila unakula jikoni."

Meza hiyo ilikuwa na sheria yake. Zamani kidogo, kabla sijafika, Refa na Forodha waligombea uenyekiti wa timu ya mpira, na mji ukagawanyika, watu wakawa hawasalimiani, hata harusi moja ikaahirishwa. Walipopatana walikubaliana mezani hapo, mbele ya Shangazi, kwamba tangu siku ile wajina hashindani na wajina. Kazi, kiti, kiwanja, chochote kile: aliyetangulia kusema ndiye mwenyewe, na mwenzake anarudi nyuma bila neno. Waliishika sheria hiyo kwa ukali ambao sasa nauona kama mchezo wa watu wazima, lakini wakati ule mji uliiheshimu. Watu waliwasifu. Walisema, waone akina Okoth, hawana wivu.

Okoth Kwaya aliingia kwenye meza hiyo akiwa wa mwisho. Alialikwa baada ya kwaya yetu kuimba katika mazishi ya mfanyabiashara mmoja mkubwa, ambapo hata madereva waliokuwa kwenye foleni walizima injini wakasikiliza. Siku ya kwanza alipokaa hapo alivaa koti, na joto lile la Busia! Alitoka jasho hadi mwisho wa chakula na hakulivua. Nilicheka jikoni hadi Shangazi akanipiga na kitambaa. Leo nikilikumbuka koti lile sicheki. Ningelielewa wakati ule, ningejua mapema nilikuwa nashindana na nini.

Niliimba sauti ya pili. Mazoezi yalikuwa Jumatano na Jumamosi, jua likielekea kuzama, kwenye mabenchi ya kanisa lisilo na dari. Alikuwa hagombezi. Ukikosea alisimama karibu nawe akaimba sehemu yako taratibu mpaka uone haya mwenyewe. Siku moja aliniambia mbele ya wote, "Wewe Akoth, unaimba kama mtu amebeba maji kwa kichwa. Unaogopa itamwagika. Wacha imwagike." Wengine wakacheka. Wiki ile niliimba jikoni kutwa nzima, Shangazi akauliza kama nimeugua. Baada ya mazoezi alinisindikiza hadi hotelini, kwa kuwa yeye pia alikuwa anakwenda kula, au ndivyo tulivyosema. Tulipita njia ndefu, ile inayozunguka nyuma ya maghala. Alinieleza habari za Nagongera, siku za soko, namna babake alivyotaka alime yeye akataka kuimba. Mimi nilimweleza nani amekula bila kulipa. Hatukushikana hata mkono. Vijana wa siku hizi hawaamini nikiwaambia, lakini mtu anaweza kujua kila kitu kwa namna mwenzake anavyopunguza mwendo.

Na hakuishia kwenye mwendo. Kulikuwa na tamasha la kwaya mwezi wa Agosti, Tororo, na lilipokaribia aliniambia, tukiwa nyuma ya maghala, "Akoth, tukishamaliza hii mambo ya Tororo, mimi nakwenda kwa shangazi yako. Nitakuwa na neno." Nikamwuliza neno gani, kwa maksudi. Akasema, "Wewe unajua." Nikasema sijui. Akasema, "Basi utasikia kutoka kwa yeye." Nilifika nyumbani nikamwagia mgeni chai kwenye kikombe kilichojaa. Tangu jioni hiyo nilikuwa mtu aliyeposwa, isipokuwa waliojua walikuwa mimi na yeye tu.

Tulikwenda Tororo, tukaimba chini ya ule mwamba mkubwa unaosimama juu ya mji, tukarudi tukiwa washindi wa pili, sauti zimekauka. Nilihesabu kwamba atakuja Jumapili. Ilipofika Ijumaa nilikuwa jikoni nachambua mchele, na mezani walikuwa wamekamilika wote watatu. Nilimsikia Forodha akikohoa. Forodha alikuwa amefiwa na mke, na mimi nilimpenda kama mtu anavyompenda mjomba, alikuwa na mzaha na hakuwahi kunitazama vibaya. Akasema, kwa sauti ambayo yeye aliidhani ni ya chini:

"Wajina wangu, nimekaa bila mke vya kutosha. Nyumba imekuwa kama godauni. Nimeona mtu, na ni wa hapahapa."

"Hapa wapi?" Refa akauliza.

"Hapa. Akoth, msichana wa mama mwenye hoteli. Nataka niongee na shangazi yake kesho kutwa. Lakini nimeona nianze na nyinyi."

Refa akacheka. "Bana, utakuwa umeoa jina lako mwenyewe. Kuitana tu itakuwa shida."

Nikaacha kuchambua. Kupitia kwenye mbao nilimwona Okoth Kwaya amekaa upande, mkono wake ukiwa bado ndani ya sinia. Nilijua atasema. Nilikuwa na hakika kama nilivyo na hakika kwamba hapa nimekaa. Alikuwa ameshatangulia kusema, si mezani, lakini kwangu, na je, mimi si ndiye niliyekuwa nikizungumziwa?

"Wajina Kwaya, umenyamaza," Forodha akasema. "Una neno?"

Akautoa mkono wake kwenye sinia.

"Mimi sina neno. Wewe umesema kwanza."

Waliendelea kula. Nilisikia wakiongea habari za refa mwingine aliyepigwa na mashabiki. Nilimimina mchele na mawe yake pamoja ndani ya sufuria, na kesho yake wageni wakalalamika, na Shangazi hakuniuliza kitu, kwa sababu mbao zile zilimpitishia na yeye.

Mazoezi yaliyofuata hakunisindikiza. Nilimngoja mlangoni kanisani mpaka wenzangu wote wakaondoka, nikamwuliza neno lake na shangazi yangu limeishia wapi. Nilikuwa na hasira na sikuificha. Aliikunja karatasi ya noti za wimbo, akaikunjua, akaikunja tena.

"Akoth, mimi kabla ya ile meza nilikuwa nani? Mtu ya Nagongera tu. Sasa nikipita hapa mpaka, hata watoto inasema, huyu ni Okoth. Ni ile meza imenipa hii jina."

"Jina ulikuwa nalo," nikamwambia. "Ulizaliwa nalo."

"Nilikuwa nalo. Lakini hakuna mtu alikuwa anaita."

Nilikuwa na miaka ishirini. Nilidhani mtu akikupenda, mambo mengine yote ni vumbi tu la kupangusa. Sikujua kwamba mtu aliyekaa miaka bila kuitwa anaweza kusikia njaa ya kuitwa kuliko njaa ya kupendwa.

Forodha alikuja Jumapili, amevaa suti, ameleta sukari, sabuni na leso kwa Shangazi, akazungumza kwa adabu kubwa. Shangazi aliniita nyuma, kwenye magunia, akasema, "Mwanangu, huyu ni mtu mzuri. Utakula." Nikamwambia sitaki, nikamweleza sababu yote. Hakunilazimisha. Alinitazama tu, akasema, "Basi nitamwambia ukweli, maana mtu huyu hastahili uongo." Akaenda akamwambia kila kitu, habari za maghala na neno la Agosti, na mimi nilikaa juu ya gunia nikitamani ardhi inimeze.

Kumbe Forodha alikuwa mtu kuliko sisi sote. Ijumaa iliyofuata alisubiri wenzake wanawe mikono, akasema waziwazi, mbele ya wateja, kwamba yeye ametoka. "Wajina Kwaya, ungeniambia siku ile ningefunga mdomo wangu. Sasa nimeufunga. Njia ni yako." Shangazi alisimama na mwiko. Mimi nilikuwa nimeshika jagi la maji, niko katikati ya meza, sina pa kujificha, na furaha yote ilikuwa usoni mwangu, kila mtu aliiona.

"Hapana, wajina," Okoth Kwaya akasema, kwa upole wake uleule. "Nikichukua sasa, watu itasema Okoth mmoja ameshinda Okoth mwingine. Meza itakuwa imekufa."

"Sheria ni yetu," Refa akasema. "Tuliitunga wenyewe, tutaifuta wenyewe. Mimi ndiye refa, au siyo? Nimepuliza filimbi. Oa msichana, bana."

"Ikifutwa kwa sababu yangu, mimi nitakaa hapa namna gani?"

Forodha akasukuma kiti chake. "Basi wewe ni mjinga, wajina," akasema, na ile sauti kubwa haikuwamo. Akanitazama mimi, akatazama chini, akatoka. Nililiweka jagi mezani, nikaenda nyuma, nikalala juu ya magunia na viatu vyangu miguuni. Shangazi hakuniita kuosha vyombo.

Meza ilikufa. Hilo ndilo linaloniuma hata sasa, kwamba hakuokoa kitu. Forodha alianza kula kwao Malaba. Refa alikuja peke yake mara mbili tatu, akaona haya kukaa na viti vitupu. Krismasi ilipopita Okoth Kwaya alirudi Nagongera, na watoto wa mpakani wakapata watu wengine wa kuwaita. Kwaya ikabaki na mabenchi. Mimi niliolewa baadaye na Wandera, seremala, ambaye alinipenda na nilimpenda, na nikamzika miaka michache iliyopita kwa machozi ya kweli. Sikuwa na ndoa mbaya, asije mtu akasoma haya akamwonea Wandera huruma. Lakini kuna maisha niliyoyaacha mwaka ule bila kuyaishi, na hayajawahi kuniacha.

Nilikwenda mazishini. Nilivuka, nikapanda gari hadi Tororo, na kutoka hapo hadi Nagongera, na nyumbani kwake nilikuta mahema, mabenchi, na kwaya ya vijana aliyoifundisha yeye, maana niliijua kwa namna walivyoacha sauti imwagike. Refa alishafariki zamani. Forodha alikuwapo, mzee sasa, ameshikwa mkono na mjukuu wake. Alinitambua kabla sijamsalimia. "Akoth," akasema, "laiti ningechelewa wiki moja tu." Nikamwambia hakuwa na kosa. Akatikisa kichwa, akasema si kosa analolisema, ni wiki.

Tulipomaliza kuzika, na wageni wakaanza kupanga mstari wa kunawa mikono, mama mmoja alinijia. Ndiye mjane. Wote walimwita Mama Akoth, na mimi nilikuwa nimelisikia jina hilo tangu asubuhi bila kulitilia maanani, kwa kuwa akina Akoth ni wengi.

"Wewe ni Akoth ya Busia? Ile ya kwaya?"

"Ndiyo, mama. Pole sana."

Alimwita binti mmoja mrefu aliyekuwa anagawa sahani, mwanawe wa kwanza. Binti akanisalimia kwa magoti, akarudi kwenye kazi yake. Mama yake alimtazama akienda.

"Huyu nilizaa Januari. Jua ilikuwa kali, kisima imekauka, tunafuata maji mbali. Mama mkwe anasema, huyu ni Achieng, ya jua. Mzee anasema hapana, ni Akoth. Watu wote inacheka. Wanamwuliza, mvua iko wapi?"

Hapo nikaelewa, kwa sababu kwetu mtoto hachaguliwi jina hilo kwa kupendeza tu. Okoth na Akoth ni wale waliozaliwa mvua ikinyesha. Hakuna anayempa mtoto wa kiangazi jina hilo, kama ambavyo hakuna anayemwita mtoto wa asubuhi kwa jina la usiku.

"Alisema nini?" nikauliza.

"Hakusema. Aligombana na mama yake, hawakuongea mpaka mavuno. Lakini hakuacha hiyo jina." Akanigeukia. "Wewe alikuambia?"

"Hakuniambia kitu, mama. Hata neno lenyewe hakulisema."

Na nilikuwa nasema kweli, na nilisikia hasira ya msichana wa miaka ishirini ikinipanda pale, mbele ya kaburi bichi. Mtu yule alipata nguvu ya kubishana na mama yake mzazi na ukoo wake mzima kwa ajili ya jina la mtoto, na mezani, kwa ajili yangu, neno moja lilimshinda.

Mjane hakuwa na hasira, au kama alikuwa nayo ilikuwa imeshaisha zamani. Alinishika mkono, akanigeuza kidogo kuelekea kwenye mwanga.

"Miaka yote naita hiyo jina. Akoth, leta maji. Akoth, funga mbuzi. Na mimi wananiita nayo. Watu ya Busia iliniambia ni jina ya nani. Nilisema, siku moja nitataka kuona sura yake tu."

Akanitazama bila haraka, uso, kichwa chenye mvi, hadi miguuni.

"Sasa nimeona," akasema, akauachia mkono wangu, akaenda kuwapakulia wageni chakula.